Skuli za Shamba: Wazee Waliuliza Nani Atafundisha

Kwenye vikao vya posa hutusibu neno hili: watu wa shamba tangu zamani hawakutaka mabinti wao wasome. Sisi hatukubaliani nalo.

Kusoma kulikuwepo. Mtoto wa kike alipelekwa chuoni, akahitimu Msahafu, na wazazi wakafurahi. Kizito kilikuwa kuandika. Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, ameeleza katika kumbukumbu zake zilizotoka 1886 alivyojifunza kwa siri, akinakili herufi za Msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Ikiwa binti wa Sultani alijificha, wa Makunduchi angefanyaje?

Skuli ya kwanza ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mjini Unguja mwaka 1927. Palisomeshwa kusoma, kuandika na hesabu, na pamoja nayo dini, kushona, kupika na usafi wa nyumba. Wazee walikuwa na masharti yao: wasomeshaji wawe wanawake, na stara ya binti ichungwe njiani. Mjini hayo yaliwezekana. Shamba yalikwama, maana mwalimu wa kike alitoka mjini na yeye pia alikuwa binti wa watu. Angelala wapi huko Micheweni? Angefuatana na nani? Bila ya jamaa wa kukaa naye, heshima yake ingesemwa kijiji kizima, na mzazi gani angempa mwanawe mwalimu anayesemwa? Kwa hiyo wanaosema wazee walikataa elimu wanaruka sehemu kubwa ya kisa. Iliyokosekana ni nyumba ya mwalimu.

Tarehe 23 Septemba 1964 elimu ilitangazwa kuwa bure kwa wote. Kabla ya hapo, aliyetaka sekondari alihitaji jamaa wa mjini wa kumlea, na kwa mtoto wa kike hilo halikuwa dogo. Baadaye skuli za vijijini zikaanza kuongezewa madarasa ya juu. Mara nyingi wanakijiji huinua kuta kwa nguvu zao, serikali ikamalizia paa. (Kuta zilizosubiri bati mpaka zikaota majani, nani hajaziona?)

Sekondari ndogo ya shamba ina mpango wake. Wengine husoma asubuhi na wengine jioni, na nusu ya siku inayobaki hubakia ya chuoni. Hisabati, sayansi na Kiingereza husomeshwa pamoja na Kiarabu na Elimu ya Dini, na kwa wazazi wengi haya mawili ya mwisho ndiyo yaliyowatuliza roho. Kilimo cha mwani kilipoanza Paje mwaka 1989, kina mama wa pwani ya mashariki wakapata fedha mkononi mwao, na sehemu yake ikaenda kwenye sare na madaftari ya watoto. Tukihesabu waliozisimamisha skuli hizi, hao tusiwaache nyuma ya maafisa.

Siku hizi wapo walimu wa kike waliozaliwa kijiji hicho hicho, wakaolewa hapo, wakajenga hapo. Kwao lile swali la malazi limekwisha. Lakini bibi harusi mwalimu anayepangiwa Pemba, na mume yuko Unguja, bado huulizwa na mama yake: utakaa kwa nani?