Nani Aliyeiandika? Habari za Watunzi wa Picha ya "The African Queen"

Karibu na mwanzo wa Vita Kuu ya Kwanza, gari la moshi lilipita Morogoro, chini ya milima ya Uluguru, likichukua makasha kwenda bara. Reli ilikuwa imefika Morogoro mwaka 1907, na mwaka 1914 ikafika Kigoma. Makasha yenyewe yalikuwa yapata 5,000, na ndani yake mlikuwa na meli nzima, jina lake Graf von Götzen. Iliundwa katika mji wa Papenburg, nchi ya Wadachi, kisha ikafunguliwa vipande vipande ili ikaungwe tena pwani ya ziwa Tanganyika. Ilishushwa majini tarehe 5 Februari 1915. Waliosimama kando ya reli waliona makasha; meli hawakuiona.

Waingereza nao walileta ziwani mashua mbili ndogo za mota, Mimi na Toutou. Zilitoka Cape Town kwa reli, kisha zikakokotwa katika misitu ya Kongo kwa nguvu za mitambo, za ng'ombe, na za watu wengi mno ambao majina yao hayakuandikwa. Tarehe 26 Desemba 1915 mashua hizo ziliiteka meli ndogo ya Wadachi iliyoitwa Kingani. Jina hilo si geni kwetu, maana Kingani ndilo jina la zamani la mto Ruvu, nao maji yake yatoka Uluguru. Waingereza wakaifuta Kingani, wakaiita meli Fifi. Tarehe 9 Februari 1916 wakaizamisha na nyingine, Hedwig von Wissmann. Mwezi Julai mwaka ule ule Wadachi wakaizamisha Götzen kwa mikono yao wenyewe, isiangukie kwa adui. Baadaye ikaopolewa, na tangu mwaka 1927 yaitwa Liemba.

Vita hiyo ya ziwani ndiyo iliyompa mwandishi Mwingereza, C. S. Forester, mbegu ya hadithi yake "The African Queen", iliyotolewa mwaka 1935. Mwaka 1951 hadithi hiyo ikafanywa picha ya sinema, nayo yatazamwa hata leo. Ni habari ya Rose, dada wa mchungaji wa misheni katika nchi hii zamani za Wadachi, na Charlie, mwenye mashua mbovu ya moshi. Kijiji chao kimechomwa, mchungaji amekufa, nao washuka mto wakikusudia kuizamisha manowari ya Wadachi iitwayo Louisa. Picha ilipigwa Kongo na Uganda, na sehemu nyingine katika nyumba ya picha huko London.

Niliwaonyesha picha hii wanafunzi wangu wa chuo cha ualimu. Ilipokwisha niliwauliza: maneno yale yote mliyoyacheka, na yale yaliyowatia huzuni, ni ya nani? Mmoja akasema ni ya Humphrey Bogart, mwigizaji wa Charlie. Mwingine akasema ni ya John Huston, aliyeiongoza picha. Msichana mmoja wa Matombo akanishangaa: "Mwalimu, si walisema wenyewe?"

Sikumlaumu. Mwigizaji twamwona uso, na mwongozi twamsikia akisifiwa. Lakini kabla ya yeyote kufungua kinywa, mtu huketi mezani akaandika nani aingie, aseme nini, anyamaze wapi, na kitu gani kitokee mlangoni. Waluguru wahesabu ukoo kwa upande wa mama. Mtoto aweza kufanana na baba yake sana, hata hivyo ukimwuliza ukoo wake atautaja wa mama. Basi picha ya sinema nayo tuiulize swali hilo.

Picha yenyewe yataja majina mawili: James Agee na John Huston, pamoja na Forester mwenye kitabu. Walakini kazi ilipita katika mikono zaidi ya hiyo. Kabla Huston hajaishika, John Collier, Mwingereza, alikwisha kuiandikia hadithi hii hati ya sinema. Jina lake halimo. Ndipo akaja Agee, mshairi na mhakiki wa sinema wa Marekani. Mapema mwaka 1951, kazi ikiwa haijamalizika, moyo wake ukamwugulia vibaya, asiweze kusafiri kuja Afrika. Huston akaja na Peter Viertel, mwandishi kijana aliyezaliwa Dresden mwaka 1920, nao wawili wakaushughulikia mwisho wa hadithi huku huku Afrika. Jina la Viertel nalo halimo.

Na mwisho huo ndio watu wanaoukumbuka. Katika kitabu, mashua ya Charlie yazama katika dhoruba, na Louisa yazamishwa na mashua za Waingereza, kama ilivyokuwa ziwani kweli. Katika picha mambo ni mengine. Rose na Charlie wamehukumiwa kunyongwa juu ya Louisa yenyewe. Waomba kwanza waozwe, na nahodha Mdachi awaoza upesi upesi, kisha aamuru hukumu iendelee. Mara manowari yaligonga gofu la mashua yao lililokuwa likielea na topido zake, na yote yalipuka. Kila nilipoitazama sehemu hii watu wamepiga makofi. Wanampigia Bogart, aliyepata tuzo kubwa ya waigizaji wa Marekani kwa picha hii mwaka 1952. Viertel yeye alitunga kitabu mwaka 1953, "White Hunter, Black Heart", juu ya mwongozi wa picha aliyekuja Afrika akawa na hamu ya kupiga tembo kuliko kupiga picha. Nadhani kila mtu alijua ni nani aliyesemwa.

Mwanzo wa picha nao una jambo. Kitabu chaanza Wadachi wamekwisha kuchukua watu na mali, na kijiji ni kimya. Picha yaanza kanisani: mchungaji aongoza wimbo, Rose apiga kinanda, na Waafrika waliojaa mle ndani watoa sauti isiyo na maneno wala mwendo, kama kwamba hawajui waimbalo. Ibada hiyo imo katika hati ya Agee, iliyochapwa mwaka 1960, miaka mitano baada ya kufa kwake. Mimi nililelewa na kufundishwa misheni. Nimeimba kwa sauti nne na wanakijiji wasiojua kusoma hata herufi moja, wala sijasikia mlio wa namna ile. Watazamaji wa Ulaya hucheka hapo. Mimi nacheka kidogo, kisha nanyamaza.

Ndiyo sababu nasema jina la mwandishi litafutwe. Si kwa kumpamba tu. Agee alikuwa na kalamu njema sana, na yafaa asifiwe kwa aliyoyafanya vizuri. Lakini kwa wimbo ule ana la kujibu, na mtu asiyejulikana hawezi kuulizwa.

Wengine waliondolewa majina kwa makusudi. Mwaka ule wa 1952 Agee na Huston waliwania tuzo ya uandishi wakaikosa. Mmoja wa walioipata ni Michael Wilson, kwa picha nyingine. Lakini Wilson alikuwa ameitwa mbele ya kamati ya wabunge wa Marekani mwaka 1951 kuulizwa kama ni mkomunisti, akakataa kujibu, na majumba ya sinema yakamfungia mlango. Akaandika kwa siri. Mwaka 1957 yeye na Carl Foreman, aliyefungiwa vile vile, waliandika picha ya "The Bridge on the River Kwai", na tuzo ya uandishi akapewa Pierre Boulle, Mfaransa mwenye kitabu, ambaye hakuandika hati ile. Mwaka 1984 ndipo ilipoamuliwa tuzo iwe yao, na wote wawili walikuwa wamekwisha kufa. Mwenye kutoa fedha za picha hiyo alikuwa Sam Spiegel, yule yule wa "The African Queen". Ajabu ni kwamba katika "The African Queen" yeye mwenyewe alijiandika S. P. Eagle!

Nyumbani kwetu, picha ya "Maangamizi" ya mwaka 2001 ndiyo ya kwanza kupelekwa na Tanzania kuwania tuzo hizo za Marekani. Wengi wa hapa wamjua Amandina Lihamba, mzaliwa wa Morogoro, aliyecheza Samehe, mwanamke aliyekaa kimya miaka mingi katika hospitali. Wachache wamjua Queenae Taylor Mulvihill, ambaye ndiye aliyemwandikia kimya hicho.

Picha hiyo nayo niliwaonyesha wanafunzi. Ilipofika mwisho na majina yakaanza kupanda, kijana mmoja akanyosha mkono awashe taa. Yule msichana wa Matombo akamwambia, "Ngoja kwanza, hatujasoma."