Udongo Mweusi na Udongo Mwekundu

Ukitoka Morogoro mjini kwa njia ya Kisaki, ukapita Kiroka na Mkuyuni, safu ya Uluguru huwa mkono wako wa kulia. Basi letu lilikwenda kwa kusuasua, nami nikapata wasaa wa kutazama kingo za barabara zilizokatwa. Juu palikuwa na utando mwembamba wa udongo mweusi. Chini yake udongo mwekundu kama tofali. Chini zaidi jiwe lenye michirizi myeusi na myeupe. Kwenye vijito ulanga ulimetameta kama magamba ya samaki. Huko Matombo yapo marumaru, na ndani yake watu hutafuta yakuti.

Miamba hii ilipikwa ndani kabisa ya ardhi miaka zaidi ya milioni 600 iliyopita. Baadaye sana ardhi ilipasuka, pande hili likainuka, na mvua za Bahari ya Hindi zimelichonga hadi leo.

Nami ningeishia kustaajabia rangi tu, kama nisingemkuta bibi mmoja akipalilia kando ya njia.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu.” Nilipomwuliza habari za udongo alipiga jembe mara moja, akachota. “Huu mweusi ndio chakula. Huu mwekundu ni wa kujengea nyumba.”

Hapo ndipo nilipoelewa mambo ya 1955. Serikali ya Waingereza ilikuwa imeanzisha mwaka 1950 mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ikawalazimisha watu kuchimba matuta ya ngazi. Sisemi hofu yao ilikuwa ya bure; udongo ulikuwa ukiporomoka kweli. Lakini ukichimba ngazi kwenye mteremko mkali, mweusi unafukiwa, mwekundu unatoka juu, na mahindi yanagoma. Tena ardhi ya Waluguru hurithiwa kwa ukoo wa mama, na wengi walishuku kuwa kazi hiyo ni njia ya kuwanyang’anya. Julai 1955 umati ulikusanyika Matombo. Polisi walifyatua risasi, mtu mmoja akauawa. Matuta ya lazima yakaachwa mwaka huohuo. TANU ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu.

Nilimwuliza bibi kama matuta yale yangalipo. Akanyosha mpini wa jembe kuelekea mteremko wa ng’ambo ya kijito. Ilinichukua muda kuyaona: mistari miwili mitatu iliyolala, imefunikwa na migomba.