Kisiwa cha Misali: Jina, Masimulizi na Hifadhi

Misali ni kisiwa kidogo cha mawe ya matumbawe kilichoko magharibi ya Pemba, upande wa Chake Chake. Nchi yake kavu haitimizi kilomita 1 ya mraba, wala hakina mji wala kijiji. Hata hivyo, ni vigumu kumpata mvuvi wa Pemba ya magharibi asiyekijua. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba historia ya kisiwa hiki haiwezi kuelezwa kwa ukamilifu bila kulichunguza jina lake, kwa kuwa jina hilo ndilo lililokuwa hoja ya wenyeji wakati kisiwa kilipokaribia kuwatoka mikononi.

Yafaa kwanza kueleza maumbile yake. Kati ya Pemba na bara upo mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na kwa sababu hiyo viumbe kadhaa vya Pemba havipatikani mahali pengine. Mmojawapo ni popo mkubwa alaye matunda, ambaye hujipumzisha mchana katika miti ya Misali. Kisiwa kina msitu, mikoko na mapango. Fukwe zake hupandwa na kasa na ng'amba watagao mayai mchangani. Na miamba inayokizunguka ni mazalio ya samaki wa namna nyingi. Utajiri huo ndio uwavutao wavuvi. Wao huja kwa ngalawa na mashua, hupiga dago kwa siku kadhaa, kisha hurejea makwao. Hivyo Misali ni kisiwa kisicho na wakazi, lakini si kisiwa kisicho na wenyewe.

Kuhusu jina, masimulizi yanayojulikana zaidi ni ya mtu mtakatifu aitwaye Hadhara, ambaye wengi humlinganisha na Nabii Hidhri. Yasemwa kwamba alitokea kisiwani akawaomba wavuvi msala apate kusali. Wavuvi hawakuwa nao. Naye akasema kwamba, kwa kuwa kisiwa chenyewe kimeelekea kibla, hicho ndicho kitakachokuwa msala wake.

Mwanaisimu hataridhika upesi na maelezo hayo. Neno msala limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mahali pa kusalia, ambapo misali, sawa na mithali, latokana na shina jingine lenye maana ya mfano au kifani. Kuugeuza msala kuwa Misali kwa kanuni za kawaida za sauti si jambo jepesi. Lililo karibu zaidi na akili ni kwamba maneno hayo mawili yamekutanishwa na masimulizi yenyewe: kisiwa ni misali ya msala, yaani mfano wake. Jiografia nayo haiyapingi masimulizi. Pemba na Makka ziko karibu katika longitudo moja, na kwa hiyo kibla cha Pemba ni kaskazini karibu halisi, jambo ambalo baharia yeyote aujuaye upande wa kaskazini hulitambua.

Lakini kuuliza tu kama masimulizi hayo ni chanzo cha kweli cha jina ni kuuliza nusu ya swali. Nusu ya pili ni hii: masimulizi hayo yaliwawajibisha watu kufanya nini? Mfano wa kulinganisha upo papo hapo. Husimuliwa pia kwamba haramia William Kidd, aliyenyongwa London mwaka 1701, alizika hazina yake Misali. Hadithi ya Kidd humfundisha msikilizaji kwamba kisiwani kuna kitu cha kuchukua. Hadithi ya Hadhara humfundisha kwamba kisiwa chenyewe ni kitu cha kutunza, kwa maana msala haukanyagwi ovyo wala hautiwi uchafu.

Tofauti hiyo ilijidhihirisha katika miaka ya 1990, ulipotokea mpango wa kukikodisha kisiwa ili ijengwe hoteli ya watalii. Wavuvi waliupinga. Dago lilikuwa riziki yao, na mahali penyewe palikuwa na heshima ya dini. Mpango huo haukutekelezwa, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Sehemu ndogo ya bahari yake ilifungwa kabisa, na sehemu kubwa ikaachwa wazi kwa uvuvi wa desturi. Mwaka 2005 hifadhi hiyo iliingizwa katika eneo kubwa zaidi la hifadhi ya mkondo wa Pemba.

La kuzingatiwa ni lugha iliyotumika kuieleza hifadhi. Maneno ya wataalamu wa viumbe hayakutosha peke yake. Mafundisho ya Kiislamu yalitiwa katika kazi hiyo, na maneno kama amana, mizani na ukhalifa wa mwanadamu katika ardhi yakatumiwa kuwaeleza wavuvi kwa nini nyavu haribifu na baruti ni makosa. Maneno hayo hayakuwa mageni kwao. Waliyapata chuoni tangu utotoni. Sheria ya serikali, kwa hiyo, ilikuja kujengwa juu ya msingi uliokwisha kuwekwa na jina.

Haifai kutia chumvi. Jina halimzuii mwenye njaa kutega, wala mgeni asiyelijua maana yake. Ndiyo sababu sheria ilihitajiwa. Lakini sheria isiyo na neno katika vinywa vya watu huhitaji askari katika kila ufuko. Miamba, mikondo na madago ya mwambao yana majina mengi ambayo yamehifadhiwa na manahodha kwa mdomo tu. Wakusanyaji wa majina hayo hawana budi kuandika, pamoja na asili ya kila neno, mwiko au haki inayofungamana nalo, kwa kuwa siku ya mzozo wa ardhi au bahari hilo ndilo litakaloulizwa kwanza.