Yowe Lenye Mwenyewe

Sungusungu, vikundi vya ulinzi vya wanavijiji, walipoibuka Kahama na Nzega, magharibi mwa Tanzania, mwanzoni mwa miaka ya 1980, walijulikana kwa pinde na mishale, lakini kilichowanyima usingizi wezi wa ng'ombe kilikuwa sauti. Wasukuma na Wanyamwezi huiita mwano: yowe la kuomba msaada, linalopigwa usiku na mtu aliyekuta zizi liko wazi, likadakwa na jirani, likapokewa na kijiji cha pili na cha tatu, mpaka njia ambayo mwizi alitegemea kuponea ikawa na watu mbele yake. Leo, katika miji ya ukanda huohuo, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, kuna sauti nyingine ya kutahadharisha, nayo haimwinui mtu kitandani. Ni alamu ya gari. Inalia kama gari la wagonjwa, inageuka kinanda, inageuka ndege ambaye hajapata kuonekana porini, kisha inaanza upya, na mara nyingi mwenye gari ndiye wa mwisho kuamka. Mtaa mzima unajua kwamba hakuna mwizi. Watu huicheka, na wana haki ya kuicheka. Lakini swali la kihistoria liko palepale: imekuwaje nchi iliyojenga ulinzi wake juu ya kuitika mlio wa hatari ikajifunza, ndani ya kizazi kimoja, kuupuuza?

Jibu jepesi ni kwamba watu wa zamani walipendana na wa sasa hawapendani. Halisimami mbele ya ushahidi. Usukuma wa miaka ya 1970 haukuwa bustani ya upendo. Mwaka 1974 Operesheni Vijiji iliwaondoa watu kwenye maboma yaliyotawanyika na kuwapanga katika vijiji, wengi wakiwa jirani na watu wasiowachagua. Utawala wa watemi ulikuwa umefutwa kisheria tangu 1963, na pamoja nao kukaondoka sehemu ya mamlaka iliyokuwa ikiamua ugomvi. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, vyombo vya dola vilikamata watu kwa wingi ili kukomesha mauaji yaliyokuwa yakiendelea huko, baadhi ya waliokamatwa wakateswa hadi kufa, na mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu kwa sababu hiyo. Halafu ikaja vita ya Kagera ya 1978 na 1979, na baada yake silaha za moto zikaanza kuonekana mikononi mwa wezi. Sungusungu, au basalama kama walivyojiita wengine, hawakuzaliwa na mapenzi ya jirani kwa jirani. Walizaliwa na hofu, pamoja na kuchoshwa na polisi ambao walikuwa mbali, wachache, au wameshapewa chochote.

Kwa hiyo mwano haukufanya kazi kwa sababu watu walikuwa wema. Ulifanya kazi kwa sababu ulidai. Aliyeusikia akabaki ndani aliulizwa kesho yake, na katika mfumo wa sungusungu aliweza kutozwa faini, na akikaidi, kutengwa: hasaidiwi shambani, hazikiwi na majirani. Upande huu wa mambo umeelezwa sana na wasomi kama Ray Abrahams, ambaye aliijua Unyamwezi tangu miaka ya 1950. Upande ambao hautajwi sana ni wa pili, nao ndio ninaoshikilia hapa: mwano ulimdai pia aliyeupiga. Wanaume waliofika wakihema, na mishale mkononi, saa nane za usiku, walimkuta mtu mwenye jina na uso. Ilimpasa aonyeshe zizi, aonyeshe nyayo, aeleze. Kama ni fisi tu aliyepita, au mlevi aliyekosea mlango, angeeleza hivyo mbele ya watu walioacha vitanda vyao, na angeishi nao mwaka mzima unaofuata. Gharama hiyo ndiyo iliyoipa sauti thamani. Waswahili wanasema la mgambo likilia lina jambo, lakini methali hiyo inachukulia kwamba mpiga mbiu hapigi ovyo. Uingereza ya kale ilikuwa na desturi inayofanana na hii, iliyowekewa sheria ya Winchester ya mwaka 1285: kijiji kilipaswa kuitika kelele za mwizi na kumfukuza, na mahakama za mabwana zilimtoza faini asiyeitika na vilevile aliyepiga kelele bila sababu. Watu wa mabara mawili wasiojuana walifikia hitaji lilelile.

Alamu ya gari imekata uzi huo kati ya sauti na mwenyewe. Magari ya watu binafsi yalianza kuongezeka baada ya uchumi kulegezwa katikati ya miaka ya 1980, yakaja kwa wingi yale yaliyotumika Japani, na migodi mikubwa ilipofunguliwa, Geita mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, miji ya kandokando ikajaa pikapu, teksi na maduka ya vipuri. Vibaka nao wakafuata, wakitafuta saiti mira, taa, redio na betri. Alamu ikafungwa kama dawa. Lakini kitambuzi chake hupima mtikisiko, na mtikisiko hauna nia. Hakitofautishi mkono wa kibaka na ngurumo ya Machi, lori lililobeba mifuko ya saruji, mbuzi aliyeona boneti ni jiwe zuri la kupanda, au baruti inayolipuliwa shimoni. Kila kimoja kinapata mlio uleule, wa sauti ileile, bila aibu. Hakuna anayefika akamkuta mpiga yowe. Anakuta bati. Na tusidhani ni udhaifu wa miji yetu: Marekani, mwaka 1997, taasisi inayochambua madai ya bima ya magari ilipitia kumbukumbu za mamilioni ya magari na haikuona kwamba yenye alamu yalipata hasara ndogo ya wizi kuliko yasiyo nayo.

Kuna pingamizi zito, na halifai kupitwa haraka. Yowe la kibinadamu nalo lilidanganya, na lilipodanganya halikuchekesha. Alamu ya uongo inaharibu usingizi, lakini neno "mwizi!" likitamkwa sokoni linaweza kumuua mtu kabla hajajieleza. Ukanda huu wa Shinyanga na Geita umebeba kwa miaka mingi aibu ya vikongwe kuuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu ya macho mekundu ambayo moshi wa kuni wa miaka 50 unatosha kuyaeleza. Sungusungu wenyewe walishtakiwa kwa kupiga na kuua watuhumiwa. Chama tawala kiliwaunga mkono huku polisi na mahakama wakiwatazama kwa mashaka, mpaka sheria ya mgambo ilipofanyiwa marekebisho mwaka 1989 ili kuwapa nafasi ya kisheria. Nakubali haya yote. Sidai kwamba mwano ulisema kweli daima. Nadai kwamba uliaminiwa, na kuaminiwa ndiko kulikoufanya uwe hatari. Tukitazama kwa makini, mauaji mengi ya namna hiyo yalitokea pale ambapo madai yalikwepa masharti ya yowe: mnong'ono wa mganga usio na nyayo za kuonyesha, au sauti kutoka katikati ya umati ambayo baadaye hakuna anayekiri kuwa ni yake. Yowe lisilo na mwenyewe ndilo lililoua kwa urahisi zaidi. Alamu ya gari ni yowe la aina hiyohiyo, ila imebahatika kutoaminiwa na mtu.

Wengine watasema tatizo ni mashine, turudi kwenye koo na filimbi. Hapana. Machimbo makubwa ya wazi yana king'ora cha kabla ya kulipua miamba, nacho ni mashine tupu, lakini watu hukitii. Hupigwa na mtu aliyepewa kazi hiyo, kwa saa inayojulikana, na baada yake mlipuko huja kweli. Kikipigwa bure, kuna ofisi ya kuuliza na mtu wa kuwajibishwa. Alamu nayo ingeweza kuwa hivyo kama mwenye gari angetakiwa kutoka nje kila mara inapolia na kuwaeleza majirani kuna nini. Ukimya ungerejea mtaani kabla ya wiki kwisha.

Pingamizi la mwisho ni la hesabu. Mkoa wa Geita, uliotangazwa mwaka 2012, ulihesabiwa mwaka huo kuwa na watu kama milioni 1.7, na sensa ya 2022 ilikuta karibu milioni 3. Utamjuaje jirani, na yeye akujueje, katika mji ambao wapangaji wengi wamefuata dhahabu na watahama ikisikika kwamba kumelipuka rashi mpya, yaani machimbo mapya, kwingine? Kweli, mwano wa 1982 hauwezi kuhamishiwa mtaa wa wapangaji. Lakini angalieni wenye magari wanafanya nini kwa fedha zao, maana fedha hazisemi kwa kupendeza. Wanaichonga namba ya gari kwenye vioo, saiti mira na taa, ili kila kipande kinachong'olewa kitangaze chenyewe ni cha nani na muuzaji wa vipuri apate la kujibu. Wanalaza gari kwenye uwanja wenye mlinzi anayejulikana kwa jina. Wanachangia ulinzi shirikishi, uliohimizwa na jeshi la polisi tangu miaka ya 2000, na ambao kwa sehemu kubwa ni sungusungu waliovaa jina la mjini. Mchango huo haukosi kuzua ugomvi kwenye mikutano ya mtaa: nani hajalipa, nani ameshika daftari, fedha za tochi zimekwenda wapi, na ilikuwaje zamu ya Ijumaa ikakosa watu usiku ule duka la kona lilipovunjwa.