Miaka 120 ya Gendia: Carscallen hakuja peke yake

Ifikapo Novemba 2026, Waadventista wa Sabato wa Homa Bay na Migori watakuwa wanatimiza miaka 120 tangu misheni yao ya kwanza nchini Kenya ianzishwe kwenye kilima cha Gendia, karibu na Kendu Bay. Sherehe za aina hii hazikosi kwaya, mahema na hotuba ndefu, na hotuba hizo huanza na kuishia kwa jina moja: Arthur Carscallen. Anastahili kutajwa. Alifika akiwa kijana, akakaa takriban miaka 15, akaacha shule, makanisa na kiwanda cha uchapishaji. Lakini hakuja peke yake wala hakufanya kazi peke yake, na mtu anayesoma kwa makini habari za miaka ile ya mwanzo hawezi kuridhika na jinsi tunavyoisimulia.

Carscallen alikuwa Mkanada aliyezaliwa 1879. Mwaka 1906 alikuwa mwanafunzi wa Duncombe Hall, chuo cha Waadventista kaskazini mwa London, ambacho kwa miaka mingi sasa kinajulikana kama Newbold. Kazi ya kanisa hilo katika Afrika Mashariki wakati huo iliongozwa kutoka Hamburg na Mjerumani Ludwig Conradi, ambaye miaka mitatu kabla yake alikuwa ametuma wamisionari Upare, katika iliyokuwa Afrika Mashariki ya Wajerumani. Sasa alitaka mtu wa upande wa Waingereza. Carscallen alipopanda meli, pembeni mwake alikuwepo mwanafunzi mwenzake kutoka Duncombe Hall, Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, nchi tunayoiita leo Malawi.

Tuliweke hili wazi, kwa sababu sherehe nyingi hulipita mbio. Misheni ya Gendia ilianzishwa na watu wawili waliosoma chuo kimoja, na mmoja wao alikuwa Mwafrika aliyekwisha kuiona London kabla ya kuliona Ziwa Victoria.

Walishuka Mombasa, wakapanda reli iliyokuwa imefika ziwani miaka mitano tu nyuma, hadi Kisumu. A. C. Enns, mmoja wa wale wamisionari wa Upare, aliungana nao katika kutafuta mahali pa kuanzia. Upande wa kaskazini wa ghuba ya ziwa ulikuwa umeshagawanywa: Maquaker walikuwa Kaimosi tangu 1902, Waanglikana walikuwa wanaanza Maseno, na mapadri wa Kikatoliki wa Mill Hill walikuwa tayari karibu na Kisumu. Kusini mwa maji hapakuwa na misheni. Wakavuka ghuba hadi Kendu Bay, wakapanda Gendia. Ukisimama pale hadi leo unaliona ziwa mbele yako, na hewa ni nafuu kuliko ile ya ufukweni, penye mbu. Hawakukosea kuchagua.

Mwaka uliofuata, 1907, ndipo misheni ilipogeuka kuwa nyumba ya familia. Mchumba wa Carscallen, Helen Thompson, aliwasili pamoja na J. D. Baker na mkewe, na ndoa ikafungwa. Kwa watu wa Karachuonyo, eneo linaloizunguka Gendia, jambo hili lilikuwa na uzito wake. Mapadri wa Mill Hill waliishi bila wake. Afisa wa serikali alikuja na askari na kitabu cha kodi, kisha akahamishwa. Hapa palikuwa na boma: mume, mke, majirani wa ndoa nyingine ya kizungu, bustani, jiko, na wasichana na wavulana wakiingia na kutoka. Wamisionari wenyewe walilijua hilo. Kwao nyumba ilikuwa somo kabla ya kitabu, na mwenye kulifundisha somo hilo kila siku, kwa usafi, mapishi, ushonaji na malezi, alikuwa mke. Taarifa zilizokuwa zikipelekwa kwenye magazeti ya kanisa Ulaya ziliandikwa zaidi na wanaume, kwa hiyo Helen anaonekana humo kama kivuli cha mumewe. Mtu yeyote aliyelelewa karibu na misheni ya zamani anajua kwamba mambo hayakuwa hivyo.

Na somo lenyewe halikuwa jepesi. Jumamosi hakuna kulima wala kwenda sokoni. Pombe iachwe, tumbaku iachwe. Mwenye wake wengi hapati ubatizo. Kisha likaja lile la chakula, ambalo mtu wa bara huenda asilione kuwa kubwa: samaki asiye na magamba haliwi. Kwa jamii inayoishi na ziwa, maana yake ni kwamba kambare mnono aliyenaswa alfajiri hapikwi katika nyumba ya Msabato, wakati jirani anamgeuza jikoni na harufu inavuka ua. Ngege anaruhusiwa, ana magamba. Mpaka leo, katika meza za Kendu Bay, Mbita na Karungu, utamtambua Msabato wa ukoo wa zamani kwa samaki anayemkataa.

Carscallen alikuwa na kipaji cha lugha. Alijifunza Dholuo, akaandaa sarufi na kamusi yake, akatafsiri sehemu za Agano Jipya. Mwaka 1911 watu 35 wakabatizwa, wa kwanza wa misheni hiyo. Vituo vikaongezeka upesi: Wire, Rusinga, Kanyadoto, Nyanchwa huko Kisii, Karungu na Kamagambo, hivi viwili vya mwisho vikiwa katika Migori ya leo. Mwaka 1913 mashine ndogo ya kuchapisha ikafungwa Gendia, na vitabu vya Dholuo vikaanza kutoka hapohapo kijijini. Mashine hiyo ndiyo mzazi wa Africa Herald Publishing House, ambayo bado iko Kendu Bay.

Kufikia hapo mambo yalikuwa yanakwenda vizuri kwa wamisionari. Ndipo likatokea joka la ziwani.

Marehemu maprofesa Bethwell Ogot na William Ochieng', ambao mwaka 1972 waliandika juu ya jambo hili, walilipa uzito ambao historia za kanisa hazikuupa, na mimi nawafuata wao. Mwaka 1913, kwa mujibu wa simulizi, mtu mmoja wa Alego aitwaye Onyango Dunde alimezwa na nyoka mkubwa aliyetoka ziwani, kisha akatapikwa akiwa mzima na kupewa ujumbe. Nyoka huyo alikuwa Mumbo. Ujumbe wake ulisema kwamba dini ya Kikristo imeoza na wazungu ni adui, tena siku inakuja ambapo wataondoka wote. Wafuasi waache nguo za kizungu, wafuge nywele, wasiogope kukosa chakula, kwa kuwa Mumbo atawalisha.

Ukiuweka ujumbe huo kando ya mafundisho ya Gendia unaona ni kama umepinduliwa makusudi. Misheni ilisema vaa, nyoa, oga, soma. Mumbo akasema vua, fuga, achana na kitabu. Waliokuwa wameanza kwenda misheni walijulikana kwa Dholuo kama jonanga, watu wa nguo, na sasa vazi lilikuwa limegeuka bendera ya vita. Imani ya Mumbo ilivuka ghuba, ikashuka kusini, ikaingia hadi kwa Wagusii. Wamisionari waliona ushetani. Maafisa waliona wazimu. Ogot na Ochieng' waliona siasa, watu walionyang'anywa mamlaka wakiyadai kwa lugha waliyokuwa nayo.

Kisha Septemba 1914 unabii ukaelekea kutimia. Vita Kuu ilikuwa imeanza Ulaya mwezi mmoja nyuma. Kikosi cha Wajerumani chini ya Kapteni Bock von Wülfingen kilivuka mpaka kutoka kusini, kikaingia mji wa Kisii. Maafisa wa Kiingereza walikuwa wameshauacha mji. Karungu nako, bandari ambayo hadi miaka michache nyuma ndiyo iliyokuwa makao makuu ya wilaya nzima ya Kavirondo Kusini, Wajerumani waliikalia, na meli ya Kiingereza Winifred ikapambana na kijimeli cha Kijerumani Muansa kwenye maji ya Karungu. Tarehe 12 Septemba askari wa King's African Rifles walishambulia Kisii. Kamanda wao, Kapteni Thorneycroft, aliuawa. Kesho yake Wajerumani waliondoka kurudi mpakani.

Jaribu kuyaona hayo kwa macho ya mtu wa wakati ule. Mwaka mmoja baada ya nyoka kusema wazungu wataondoka, wazungu wameondoka. Ofisi ziko wazi, maduka hayana mwenyewe, nyumba za misheni hazina moshi. Watu waliingia mjini wakachukua walichokiona, na misheni hazikusalimika. Nyanchwa ya Wasabato iliporwa, na Nyabururu ya Wakatoliki ikaporwa. Wamisionari waliokuwa kwenye vituo vya ndani walilazimika kuviacha. Serikali iliporudi ilirudi na bunduki. Watu wengi waliuawa, ng'ombe kwa maelfu wakachukuliwa kama fidia, vijana wakasombwa kwenda kubeba mizigo ya jeshi. Wafuasi wa Mumbo waliendelea kuandamwa miaka iliyofuata, na viongozi wao wakahamishiwa mbali hadi Lamu.

Historia nyingi za misheni hukitaja kipindi hiki kama bahati mbaya iliyochelewesha kazi, halafu zinaendelea. Kwangu mimi ndicho kipindi kinachoeleza kila kitu. Kilionyesha wazi kwamba wamisionari, hata wale waliopenda watu kwa moyo mweupe, walikuwa wamekuja chini ya bendera fulani, na bendera ilipoanguka kwa siku chache wao nao walianguka nayo. Kilionyesha pia kwamba misheni ilikuwa na mizizi, kwa sababu baada ya vita watu walirudi kwenye madarasa wakiwa wengi kuliko mwanzo.

Na Nyambo je? Alikuwa amekwisha kuondoka Gendia na kurejea kwao. Mwaka huohuo wa 1914, Kisii ilipokuwa inaporwa, yeye alikuwa katika harakati za kumfikishia Mfalme George wa Tano ombi la wenyeji wa Nyasaland na Rhodesia, wakilalamikia jinsi walivyokuwa wanatawaliwa. Alilipeleka hadi London, akiwa mjumbe wa kazi iliyopangwa pamoja na Joseph Booth, mmisionari Mwingereza aliyechukiwa na walowezi. Ombi halikufua dafu. Lakini pima safari ya mtu huyu: kutoka Nyasaland hadi darasa la Duncombe Hall, kutoka hapo hadi kilima cha Gendia, na kutoka Gendia hadi kugonga mlango wa mfalme. Hakuna Mkenya wa kizazi chake tunayemjua aliyefanya hivyo. Na bado, katika kumbukumbu zetu za hadhara, ametajwa kama msaidizi wa Carscallen, mstari mmoja, basi.

Familia ya Carscallen iliondoka mwanzoni mwa miaka ya 1920. Arthur alifariki 1964, mwaka mmoja baada ya Kenya kupata uhuru. Waliofuata walijenga juu ya msingi huo: Daktari G. A. S. Madgwick alianzisha hospitali ya Kendu mwaka 1925, na Kamagambo, karibu na Rongo, ikakua kuwa chuo cha walimu kilichosambaza elimu Nyanza nzima. Paul Mboya, mchungaji wa Kisabato aliyekuja kuwa chifu wa Karachuonyo, aliandika mwaka 1938 kitabu cha mila za Wajaluo, Luo Kitgi gi Timbegi, ambacho watafiti hawajaacha kukitumia. Barack Obama mzee, baba wa aliyekuwa rais wa Marekani, alianza kusoma Gendia kabla familia yake haijahamia Siaya.

Hospitali ya Kendu bado inatibu, Kamagambo bado inafundisha, mashine za Africa Herald bado zinachapa. Hizo ni fahari za kweli na hazihitaji kutiwa chumvi. Kinachokosekana ni kumbukumbu. Kaunti ya Migori imeonyesha inavyowezekana: Thimlich Ohinga, ile ngome ya mawe, iliingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2018 baada ya miaka mingi ya watu kuipigania. Historia ya misheni ni ya juzi tu ukilinganisha, ina karatasi, ina picha, na wajukuu wa waliobatizwa mwanzo wapo hai vijijini. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inatoa njia ya kutangaza na kulinda majengo ya aina hii.

Basi kanisa, serikali za kaunti za Homa Bay na Migori, na Makavazi ya Kitaifa wakae meza moja kabla ya Novemba. Wenye barua, daftari za shule na picha za zamani Kendu Bay, Wire, Rusinga, Kanyadoto, Karungu na Rongo wazitoe zinakiliwe kabla mchwa hawajazimaliza. Wazee waulizwe, na waliofuata Mumbo waandikwe sambamba na waliofuata misheni. Na kibao chochote kitakachozinduliwa Gendia mwaka huu kiwe na majina matatu, kwa herufi za ukubwa mmoja: Arthur Carscallen, Helen Carscallen, Peter Nyambo.