Manahodha Wawili Katika Chombo Kimoja

Wazee wetu walisema kwamba nahodha wengi, chombo huenda mrama. Methali hii ni kweli baharini; je, ni kweli katika serikali pia? Ukitaka kulijibu swali hili, msomaji, fuatana nami mpaka Marekani katika miaka ya 1946 hadi 1948. Huko utaona taifa lililokabidhi usukani kwa manahodha wawili wasiopatana, kisha likatakiwa kuamua ni yupi kati yao aliyestahili lawama.

Kwanza hapana budi uielewe katiba ya nchi ile. Watu walioitunga mwaka 1787 walikuwa wamekwisha kuonja utawala wa mfalme, nao waliogopa kumpa mtu mmoja madaraka yote. Kwa hiyo waliyagawa. Bunge lao, liitwalo Kongresi, lina mabaraza mawili, Seneti na Baraza la Wawakilishi, na kazi yake ni kutunga sheria. Kazi ya Rais ni kuzitekeleza. Rais aweza kuukataa mswada kwa kura ya turufu, lakini theluthi mbili ya wajumbe wa kila baraza wakiushikilia, huwa sheria apende asipende. Tena Rais huchaguliwa kwa miaka 4, Wawakilishi kwa miaka 2, na Maseneta kwa miaka 6. Basi yawezekana chama kimoja kikashika Ikulu na chama kingine kikashika Bunge, na pande zote mbili zikawa zimetumwa na wananchi wale wale.

Ndivyo ilivyotokea. Rais Franklin Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili, 1945, na Makamu wake, Harry Truman wa chama cha Democratic, akashika mahali pake. Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka huo, askari kwa mamilioni walirudi kwao wakakuta nyumba za kukaa ni chache. Mwaka 1946 udhibiti wa bei ulilegezwa na bei za vitu zikapanda. Nyama ikaadimika madukani. Wafanyakazi wa migodi na wa reli wakagoma. Wananchi walikasirika, na mwenye hasira humtazama aliye mbele yake. Katika uchaguzi wa tarehe 5 Novemba, 1946, chama cha Republican kilipata viti 51 kati ya 96 katika Seneti, na viti 246 kati ya 435 katika Baraza la Wawakilishi. Seneta mmoja wa chama cha Truman mwenyewe, J. William Fulbright, alitoa shauri kwamba Rais amteue mtu wa Republican awe Waziri wa Mambo ya Nje, kisha ajiuzulu ili mtu huyo arithi urais, maana wakati huo hapakuwa na Makamu. Truman alikataa.

Miaka miwili ya mvutano ikaanza. Mwaka 1947 Bunge lilipitisha sheria ya Taft-Hartley iliyopunguza nguvu za vyama vya wafanyakazi. Rais aliipinga kwa kura yake ya turufu. Bunge likaipitisha tena, kura 331 kwa 83 katika Baraza la Wawakilishi, na 68 kwa 25 katika Seneti. Naye Rais alipoomba sheria za kuzuia bei na kujenga nyumba, Bunge halikumpa alichotaka. Tembo wapiganapo, ziumiazo nyasi: aliyekosa nyumba aliendelea kuikosa, huku kila upande ukimnyoshea mwenzake kidole.

Lakini usiseme haraka, msomaji, kwamba hapakuwa na kazi iliyofanyika. Manahodha hao hao walikubaliana kutoa dola milioni 400 kuzisaidia Ugiriki na Uturuki, na mwaka 1948 walipitisha Mpango wa Marshall ulioifufua Ulaya ya Magharibi. Kwa hiyo kugawanyika hakukuwazuia kupatana walipoona hatari moja. Waliposhindana ni katika mambo ya nyumbani, ambako kila chama kilikuwa na watu wake wa kuwatetea.

Mwaka wa uchaguzi wa rais ulipowadia, wengi walimwona Truman kama mtu aliyekwisha kushindwa. Chama chake kilikuwa kimepasuka vipande vitatu: Henry Wallace aliondoka na kuunda chama chake, na Strom Thurmond wa South Carolina akawaongoza watu wa Kusini waliochukia haki za Watu Weusi. Truman hakukata tamaa. Usiku wa kuamkia tarehe 15 Julai, 1948, alipokubali kuteuliwa na chama chake mjini Philadelphia, alitangaza kwamba ataliita Bunge likutane tena tarehe 26 Julai, siku ambayo wakulima wa kwao Missouri hupanda mboga fulani ya mizizi. Chama cha Republican kilikuwa kimetoka kuahidi mambo mema. Basi, alisema, na wayatende. Bunge lilikutana kwa muda usiotimia majuma mawili, likatoa machache mno. Siku lilipofunguliwa, Rais alitia sahihi amri ya kukomesha ubaguzi wa rangi katika majeshi, jambo aliloweza kulitenda bila kungoja sheria.

Kisha akapanda gari la moshi, akazunguka nchi, akihutubia stesheni kwa stesheni na kulishutumu Bunge kuwa halifanyi kitu. Mpinzani wake, Thomas Dewey, Gavana wa New York, alisema kwa upole juu ya umoja, kama mtu aliyekwisha kushinda. Wachunguzi wa maoni walimpa Dewey ushindi. Gazeti la Chicago Daily Tribune lilichapa mapema kwamba Dewey amemshinda Truman. Kumbe Truman alipata kura za wateule 303, Dewey 189, na Thurmond 39. Na chama cha Democratic kikarudishiwa mabaraza yote mawili. Hata hivyo, karibu nusu ya watu wazima hawakupiga kura. Baadhi walichoka na siasa. Na huko Kusini, Watu Weusi wengi walizuiwa wasiikaribie sanduku la kura.

Je, chombo kilipopata nahodha mmoja kilikwenda shwari? Kwa sehemu tu. Mwaka 1949 sheria ya nyumba ilipita, na kima cha chini cha mshahara kikapandishwa kutoka senti 40 hadi 75 kwa saa. Lakini mpango wa bima ya afya kwa wote ulikwama, na sheria ya Taft-Hartley haikufutwa, kwa sababu wajumbe wengi wa Kusini, ingawa walikuwa wa chama cha Rais, walishirikiana na wapinzani wake.

Jambo hili latuhusu. Chini ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, mpiga kura humchagua Rais kwa karatasi moja na Mbunge wake kwa karatasi nyingine. Rais aweza kuurudisha mswada Bungeni, na theluthi mbili za wabunge zaweza kuupitisha tena bila kuubadili. Siku moja wewe nawe utazishika karatasi hizo, labda ukiwa na hasira juu ya bei ya unga au ukosefu wa kazi. Hasira hiyo si dhambi. Dhambi ni kuipeleka pasipostahili. Truman alisema Bunge halikufanya kitu, na tumeona kwamba hakusema kweli yote. Nao wapinzani wake walimlaumu kwa mambo ambayo hakuwa na uwezo wa kuyatenda peke yake. Madaraka yakigawanywa, lawama nayo hupotea njiani, na kila mwenye cheo hupata mwenziwe wa kumsingizia. Basi kabla hujatia alama, uliza: ni nani aliyeuleta mswada, ni nani aliyeupinga, na kura zilikwendaje? Majibu huandikwa katika kumbukumbu za Bunge. Asiyeyatafuta atahukumu kwa kelele za stesheni. Ayatafutaye atajua ni nahodha yupi alikuwa usingizini.