Kasuku Mdogo wa Australia: Historia ya Ndege wa Tunduni

Wanahistoria wamezoea kuandika habari za wafalme, vita na mikataba, na hapana wa kuwalaumu kwa hilo, maana mambo hayo yamegeuza maisha ya watu wengi. Walakini viumbe vidogo navyo vina historia yao, na mara nyingine historia hiyo hutuonyesha tabia ya mwanadamu kwa uwazi zaidi kuliko tarikh ya ufalme. Katika insha hii nakusudia kueleza habari za ndege mmoja mwenye uzito wa yapata gramu 30 tu, aitwaye bajerigari, yaani kasuku mdogo wa Australia. Katika muda usiofika karne mbili ndege huyu ametolewa nyikani akaingizwa sebuleni, akabadilishwa rangi, umbo na hata sauti. Swali la kuuliza ni hili: mwanadamu alipomfuga na kumzalisha nyumbani alijifunza nini, na ndege alilipa gharama gani kwa elimu hiyo?

Makao ya asili ya bajerigari ni nyika kavu za bara ya Australia, mbali na pwani. Huko ndege wote huwa na vazi moja: kijani tumboni, manjano usoni, na mistari myeusi kisogoni, mgongoni na mabawani. Katika nyika hizo mvua haina kalenda. Yaweza kukosekana mwaka hata miaka, kisha ikanyesha kwa wingi mahali pamoja na kupanyima pengine. Kwa sababu hiyo bajerigari hangoji majira maalumu ya kuzaa, bali huifuata mvua. Husafiri kwa makundi makubwa, hula mbegu za majani, na akikuta maji na chakula tele huingia katika tundu la mti akataga humo. Neema ikiendelea hutaga tena bila kukawia. Neema ikiisha huhama.

Mtu akitafakari sifa hizi ataona kwamba ndege huyu alikuwa tayari kufugwa kabla ya kukutana na mfugaji. Anakula nafaka, nayo yapatikana sokoni. Hana msimu, kwa hiyo hajali kwamba Ulaya ni baridi wakati Australia ni joto. Hajengi kiota kwa ustadi. Anachohitaji ni giza na mahali palipofungika. Basi mfugaji aliyempa uwele, maji na kisanduku chenye tundu alikuwa amempa mvua ya nyikani. Ndege wengi wazuri wamekufa tunduni bila ya kuacha kizazi kwa kuwa hawakuona dalili walizozijua. Bajerigari aliziona zote.

Wenyeji wa Australia walimjua tangu kale, na watu wa Gamilaraay walimwita kwa jina ambalo yaaminiwa ndilo lililogeuka katika midomo ya Waingereza kuwa bajerigari. Katika vitabu vya wataalamu aliingia mwaka 1805, alipoelezwa na Mwingereza George Shaw. Lakini huyo alikuwa ndege mkavu wa makumbusho. Aliyemfikisha Uingereza akiwa hai ni John Gould, mtaalamu wa ndege na mchapishaji wa vitabu vya picha, aliyekwenda Australia mwaka 1838 akarejea mwaka 1840 akiwa na kasuku hawa, ambao baadhi yao walilelewa huko na shemeji yake, Charles Coxen. Watu wa London walistaajabu. Kasuku waliokuwa wakiwajua walikuwa wakubwa, wenye mdomo wa kuumiza na kelele za kuchosha. Huyu alikuwa mdogo kama shomoro, mpole, na mwimbaji wa sauti ya chini.

Katika miaka iliyofuata majahazi ya biashara yalileta ndege wengi waliokamatwa nyikani, na wengi walikufa safarini. Lakini upesi ilibainika kwamba hakuna haja ya kuvuka bahari. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wafugaji wa Ubelgiji, Uholanzi, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza walikuwa wakiwazalisha wenyewe. Kazi yenyewe haikuhitaji mali nyingi. Dume na jike hutambulikana kwa ngozi laini iliyo juu ya mdomo, penye matundu ya pua: kwa dume mzima kwa kawaida huwa ya buluu, na kwa jike aliye tayari kutaga huwa ya kahawia. Jike huingia kisandukuni akataga yai moja, akapumzika siku moja, akataga tena, hata yakatimia mayai manne, matano au sita. Huanza kuatamia mapema, na kila yai huhitaji yapata siku 18. Ndiyo sababu makinda ya kiota kimoja hupishana umri, mkubwa akiwa ameanza kuota manyoya wakati mdogo angali uchi. Muda huo dume humlisha jike. Baada ya majuma matano hivi makinda hutoka, na wazazi wakiachwa huanza upya.

Hapo ndipo ilipotokea ajabu ya kwanza. Katika miaka ya 1870 walionekana ndege wa manjano, na yapata mwaka 1880 huko Ubelgiji alitokea wa buluu. Nyikani ndege wa namna hiyo huonekana kwa nadra sana, na mwewe humtambua mara moja katikati ya wenzake wa kijani. Tunduni hakuna mwewe, kuna mnunuzi. Kile ambacho nyikani kilikuwa hukumu ya kifo, nyumbani kiligeuka kuwa thamani. Wa buluu walipoonyeshwa London mwaka 1910 watu waliwamiminikia, na katika miaka ya 1920 matajiri wa Japani waliwashindania hata bei ikapanda kupita kiasi. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Lakini uzuri unaoweza kuzaliana kisandukuni haukai adimu: wafugaji wa Ulaya walizalisha kwa pupa, ndege wakajaa, bei ikaporomoka, na waliokuwa wameweka akiba yao yote katika manyoya wakabaki na manyoya.

Hasara ya mfuko ilizaa faida ya elimu. Sisi husema mtoto wa nyoka ni nyoka, na methali hiyo ni kweli kwa jumla. Lakini wafugaji waliona kwa macho yao ndege wawili wa kijani wakizaa kinda wa buluu, na wengine wakadhani jike ametembea nje. Jibu lilikuwa limekwisha kuandikwa mwaka 1866 na mtawa Gregor Mendel, aliyechunguza njegere katika bustani ya monasteri. Lakini kazi yake haikuthaminiwa mpaka mwaka 1900. Mendel alionyesha kwamba sifa yaweza kujificha kizazi kimoja na kuchomoza kizazi kifuatacho. Ndege wa kijani aweza kubeba ndani yake urithi wa buluu usioonekana. Wawili wa namna hiyo wakioana, kwa wastani kinda mmoja katika kila wanne atakuwa wa buluu. Na ikiwa wazazi wote wawili wameficha urithi wa buluu pamoja na ule wa manjano, basi katika makinda 16, kwa wastani, tisa watakuwa wa kijani, watatu wa buluu, watatu wa manjano, na mmoja mweupe, maana huyo amekosa rangi zote mbili. Ndivyo wafugaji walivyokuja kuwapata weupe baada ya Vita Kuu ya Kwanza.

Maana yake ni kwamba kijani cha ndege huyu si rangi moja. Unyoya una rangi ya manjano juu, na chini yake umbo la ndani la unyoya hutawanya mwanga ukaonekana buluu. Jicho huchanganya mawili hayo likasema kijani. Ondoa manjano, buluu hubaki. Wafugaji walilijua jambo hilo kwa vitendo muda mrefu kabla ya maabara. Mwaka 2017 tu ndipo wataalamu walipoonyesha jeni inayohusika: kosa moja dogo katika jeni hiyo huzuia ndege asitengeneze rangi ya manjano.

Mtu aliyeunganisha elimu ya Mendel na visanduku vya wafugaji alikuwa Mjerumani Hans Duncker, mwalimu wa shule mjini Bremen. Katika miaka ya 1920, akisaidiwa na tajiri mmoja mpenda ndege aitwaye Cremer, alipanga ndoa za ndege kwa daftari na hesabu, akafafanua namna rangi zinavyorithiwa. Kwa kazi hiyo anastahili heshima. Lakini historia haituruhusu kuishia hapo. Duncker huyohuyo aliunga mkono fundisho la usafi wa mbari, ambalo Wanazi walilifanya kuwa sheria na hatimaye kuwa mauaji. Mtu aliyejua kwamba weupe wa ndege ni upungufu wa rangi mbili tu, na kwamba chini ya vazi moja hufichika urithi wa namna nyingi, alishindwa kuona kwamba elimu yake mwenyewe yawakanusha wanaogawanya watu kwa ngozi. Tunduni mfugaji huchagua nani aoane na nani, na huwaondoa asiowapenda. Anayetamani kuufanya ulimwengu wa watu uwe tundu la namna hiyo ameikosea maana ya elimu na maana ya utu pia.

Gharama ya pili ilikuwa maradhi. Mwishoni mwa mwaka 1929 na mwanzoni mwa mwaka 1930 homa ya kasuku, ambayo huwashambulia watu mapafuni, ilienea katika nchi nyingi kwa njia ya kasuku waliouzwa kutoka Amerika ya Kusini. Marekani na Uingereza zilizuia kasuku kuingizwa nchini mwaka 1930, na watu wakadhani hatari imefungiwa mlango. Kumbe ilikuwa ndani. Katika jimbo la California, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, jamaa nyingi zilikuwa zikizalisha bajerigari nyuma ya nyumba zao ili kupata fedha ya matumizi. Mtaalamu Karl Meyer wa San Francisco alipowapima ndege hao katika miaka ya mwanzo ya 1930 aligundua kwamba maradhi yalikuwa yameota mizizi katika vizimba vingi. Ndege aliyepona aliendelea kuyabeba bila dalili. Makinda waliyapata kiotani. Na waliposongwa katika masanduku ya safari yaliwalipukia. Katika miaka iliyofuata Frank Macfarlane Burnet aliyakuta maradhi hayo kwa kasuku wa mwituni huko Australia kwenyewe. Kwa hiyo yalikuwa ya zamani katika jamii yao. Msongamano na biashara ndivyo vilivyoyapa nguvu. Usafi, nafasi ya kutosha, na baadaye dawa za viuavijasumu zilipunguza hatari, ingawa haijatoweka.

Baada ya Vita Kuu ya Pili bajerigari alifikia kilele cha sifa zake. Uingereza ilikuwa na chama chake cha wafugaji tangu mwaka 1925, na katika miaka ya 1950 ndege huyu alionekana katika nyumba za kila tabaka. Winston Churchill alikuwa na wake. Aliyesifiwa kuliko wote ni Sparkie Williams wa Newcastle, aliyeshinda shindano la ndege wasemao la BBC mwaka 1958. Alikufa mwaka 1962, na mwili wake ulihifadhiwa katika makumbusho ya mji huo. Kusema kwake kwastahili kutazamwa kwa huruma. Ndege wa kundi huiga milio ya wenzake ili awe mmoja wao. Afugwaye peke yake huwaiga watu, maana hana kundi jingine. Tunacheka tukimsikia akitamka jina la mwenye nyumba, nasi twasahau kwamba anatafuta jamaa.

Sasa tupime. Upande mmoja wa mizani, ndege azaliwaye nyumbani humwokoa ndugu yake wa mwituni. Australia imefunga biashara ya kupeleka ndege wake wa asili ng'ambo tangu mwaka 1960, na bado dunia haikukosa bajerigari. Tulinganishe na kasuku mdogo wa nchi yetu aishiye kusini ya Ziwa Victoria, ambaye wataalamu humwita kwa jina la Mjerumani Fischer. Huyo naye huzaa tunduni bila taabu. Hata hivyo aliwindwa kwa nyavu na kuuzwa ng'ambo kwa maelfu, hasa katika miaka ya 1980, kwa kuwa kumkamata kulikuwa rahisi kuliko kumlea. Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyamapori hai mwaka 2016.

Upande wa pili wa mizani wako ndege wa maonyesho. Wafugaji wamechagua ukubwa na wingi wa manyoya kizazi baada ya kizazi, hata wengine wana manyoya ya paji yanayowafunika macho. Hutokea pia makinda ambao manyoya yao hayaachi kurefuka. Hao hawawezi kuruka, huona kwa shida, na hufa wangali wachanga. Hapo tamaa ya jicho la mwenye ndege imelipiwa kwa jicho la ndege.

Hukumu yangu ni kwamba ufugaji wenyewe si dhuluma. Mfugaji ampaye ndege mwenziwe, nafasi ya kuruka, nafaka safi na kisanduku cha giza amempa yale ambayo mvua ya Australia ingempa. Dhuluma huanza pale mfugaji anapomtazama ndege asione kiumbe, aone rangi, bei au nishani. Wauza ndege, waliofuata usafi wa mbari na washindani wa maonyesho walitofautiana sana kwa uzito wa makosa yao, lakini walianzia mahali pamoja: walikithamini kile walichokitaka kwa kiumbe kuliko kiumbe mwenyewe. Elimu ya urithi iliyotoka katika visanduku vile ni kubwa, na sisi wanafunzi tunaifaidi. Deni lake hulipwa kwa kukumbuka kwamba kila hesabu ya tisa, tatu, tatu na moja iliandikwa juu ya makinda yaliyokuwa na pumzi.